Sura ya Sita: Muhogo wa Kando ya Njia

Mzee Gervasi aliingia katika kituo kidogo cha polisi Mwandiga na mti mzima wa muhogo begani, mizizi bado ina udongo, akaulaza mezani kwa Inspekta Yasmini Hamdani, juu ya jalada la mauaji.

"Andika, afande," akasema. "Huyo Mrundi mliyemfungia humo ndani ameniulia na shamba."

Yasmini alikuwa mtoto wa Ujiji, na Ujiji hata anayekuja kukutukana husalimia kwanza. Akausogeza mti pembeni, akapangusa udongo kwenye jalada.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Andika."

"Nitaandika. Keti kwanza upumue."

Hakuketi. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alikuwa pia mzee wa kanisa. Yasmini alimwona juma lililopita kwenye maziko ya Bibi Melania, na maziko hayo ndiyo yaliyokuwa ndani ya jalada.

Kesi yenyewe, ukiisimulia haraka, ilionekana imeisha. Bibi Melania alikaa hapo Mwandiga na mwanawe Bariki, mvuvi wa dagaa ambaye mara nyingi yuko ziwani upande wa Mwamgongo, na mke wa Bariki, Armelle, msichana wa Kirundi aliyeolewa mwaka juzi. Siku hiyo Armelle alipika ugali na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo ambayo watu wa pwani wanaiita kisamvu na hawajui kuipika. Mama mkwe akaandaliwa kwanza, kama ilivyo desturi. Kabla Armelle mwenyewe hajakwangua chungu, bibi alikuwa chini, mate yanamtoka kama povu. Hospitali hakufika hai. Daktari aliyemkagua alisema bila kumung'unya: sumu ya kuulia wadudu.

Basi watu wakamtazama aliyepika. Anatoli, mtoto mkubwa wa marehemu, kwa uchungu alikitupa chungu na mboga yake chooni, kwa hiyo polisi hawakuwa na hata tonge la kupima. Kwenye dari la jiko walikuta chupa ya dawa ya nyanya. Na Armelle alisema sombe aliinunua sokoni, lakini akina mama wa sokoni, mmoja baada ya mwingine, walikana kumuuzia. Hapo ndipo alipojimaliza. Mauaji hayana dhamana. Sasa alikuwa mahabusu na mtoto wake anayenyonya, na mkuu wa upelelezi mjini, Afande Bonifasi, alitaka jalada kesho liende kwa wakili wa serikali.

Yasmini hakuwa ametulia. Chupa ya dawa ya nyanya Mwandiga utaikuta kwenye kila jiko, hata la katekista. Na mtu anayeua kwa sumu hujitengenezea uongo mzuri kidogo kuliko ule wa sokoni.

Aliuinua mti wa Mzee Gervasi. Majani ya chini yalikuwa na vidoadoa vya njano, kama yaliyonyunyiziwa unga wa mahindi. Juu hapakuwa na majani kabisa. Kilele kilisimama uchi kama mshumaa.

"Shamba zima liko hivi?"

"Limeanzia njiani, linaingia ndani. Mchawi anapita njiani, afande. Ananyoosha mkono tu."

"Na katikati?"

"Katikati bado kijani. Anafuata huko."

"Sasa huyu yuko ndani siku zote hizi. Anafuata vipi?"

Mzee Gervasi akamtazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito. "Uchawi hauna haja ya miguu."

Mtu mwingine angemrudisha nyumbani. Tangu Armelle akamatwe, kila aliyepotelewa na kuku au kuharibikiwa mimba alikuwa amefika pale kumwongezea mashtaka. Lakini jambo moja lilimkaa Yasmini kichwani: uharibifu unaoanzia njiani. Njia hupitiwa na watu, na watu ndio kazi yake. Akampigia simu Elikana, bwana shamba wa kata, akamwambia aje na kile kioo chake cha kukuzia.

*

Shamba la Mzee Gervasi lilikuwa kando ya njia ya miguu inayotoka barabara kuu kwenda mabondeni, ng'ambo ya shamba dogo la Mama Yunisi, mjane. Kwenye mpaka wa mzee vilisimama vijiti, na kila kijiti kilifungwa kitambaa chekundu. Kago, kinga ya kiganga ya kumdhuru mwizi. Hata Yasmini, aliyelelewa madrasa, hakupenda kuvigusa.

"Kanisa linasemaje kuhusu hivi, mzee?"

"Kanisa halilindi muhogo."

Ili kumwelewa Mzee Gervasi ilibidi kuijua desturi ya hapo. Mtu yeyote mwenye njaa ya mboga anaruhusiwa kuchuma sombe shambani kwa jirani, bila kuomba, mradi iwe ya chungu kimoja na aibebe kwenye upindo wa kanga. Akija na kapu, huyo ni mwizi. Zamani watu waliiheshimu. Lakini mji umekua, sombe inauzika mpaka Kigoma, na kanga za siku hizi, kwa maneno ya Mzee Gervasi, zina upindo kama mtumbwi. Kwa hiyo mwaka huu, kiangazi kilipoanza, akaweka kago.

"Limesaidia?"

"Limekamata wengi." Kifua kikamjaa. "Matumbo, kutapika, macho kuona giza. Wamekoma."

"Limewakamata waliochuma?"

"Kago humkamata aliyechuma. Ndiyo kazi yake."

"Na watoto wao je? Nasikia kuna nyumba watoto wote waliugua."

Mzee akasita kidogo. "Nao wamo," akasema.

Wakati huo mkewe alikuwa anarudi nyumbani kwa njia ile ile, fungu la sombe kichwani, limefungwa kwa kamba ya mgomba kama wanavyofunga sokoni. Akasalimia, akapita. Yasmini alimfuata kwa macho.

"Mzee, muhogo wote huu, na nyumbani kwako mnanunua sombe?"

"Wanawake, afande. Nani anawaelewa?"

Yasmini akatikisa kichwa, kisha akamtuma mzee arudi kituoni na konstebo akaandikishe malalamiko yake vizuri, kwa kirefu, asiache kitu. Mzee alikwenda kwa furaha. Alikuwa na mengi ya kusema.

Elikana alikuwa amekwishapiga goti kwenye safu ya kwanza, jani la muhogo mkononi, kioo jichoni. Alikuwa kijana mnene, mpole, anayependa kazi yake kiasi cha kuchosha watu.

"Njoo uone, dada Yasmini. Geuza jani, tazama chini yake."

Akatazama. Mwanzoni hakuona kitu. Kisha vumbi la kijani likaanza kutembea.

"Ya Rabi. Haya nini?"

"Utitiri. Utitiri wa kijani wa muhogo. Unafyonza jani mpaka linakauka, na kiangazi ndiyo sikukuu yake. Ndio ulioua hili shamba. Mchawi hana habari."

"Basi tumemaliza. Wadudu."

"Wadudu, ndiyo. Lakini kuna kitu hakikai sawa." Elikana akasimama, akafuta magoti. "Utitiri huu uko kwenye kila shamba la muhogo mkoani, na kwa kawaida hauleti maafa haya. Kwa sababu una adui yake. Njoo huku ndani."

Wakapenya mpaka katikati ya shamba, ambako muhogo ulikuwa bado mzito na wenye giza. Elikana akavuta kilele cha mti mmoja, akaufungua ule mkunjo wa majani machanga kwa kucha, polepole, akamkabidhi kioo.

Ndani ya mkunjo kulikuwa na vijidudu vingine, vichache, vyeupe, vyenye kung'aa. Vilikimbia haraka kujificha.

"Hao ni utitiri pia, ila wao wanawala wenzao," akasema Elikana. "Mchana wanalala humu kileleni. Giza likiingia wanashuka kwenye majani kuwinda. Mimi nawaita askari wa zamu. Mti wenye askari kileleni haufi kwa utitiri. Sasa rudi nikuonyeshe safu za njiani."

Wakarudi. Wakafungua vilele vilivyobaki, kimoja baada ya kingine, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Chini ya majani adui amejaa. Vileleni hamna askari hata mmoja.

"Wamehamia kwingine?"

"Waache chakula chote hiki? Wamekufa."

Yasmini alifikiri. Alikuwa na tabia ya kuzungusha bangili yake mkononi akifikiri, na wahalifu kadhaa wa Kigoma walikuwa wameichukia bangili hiyo. "Watu wanachuma vilele. Kilele kikichumwa, askari anakwenda nacho chunguni. Njiani ndiko kunakochumwa zaidi. Si ndiyo hivyo?"

"Hata mimi nilianzia hapo." Elikana akanyoosha kidole ng'ambo. "Ila Mama Yunisi hana kago. Kwake wanachuma kila siku. Twende."

Walivuka njia. Mama Yunisi, aliyekuwa akipalilia, aliwaruhusu kwa mkono bila kuuliza. Miti yake ilikuwa imechumwa vibaya mno, mingine imebaki na vikonyo. Lakini majani yalikuwa ya kijani, na kwenye vichipukizi vipya, kila walipofungua, askari walikimbia.

"Umeona? Ukichuma kilele kimoja, askari wa mti wa jirani wanahamia kinachochipua. Kuchuma hakuwamalizi. Kitu kinachowamaliza wote kwa mpigo, halafu kikamwacha adui hai huko chini ya jani, nakijua kimoja tu."

"Sumu."

"Sumu ya wadudu. Ile kali, isiyochagua. Mtu akiipuliza kileleni, askari ndio wa kwanza kufa, maana ndiyo nyumba yao. Utitiri wa kijani unaojificha chini ya majani unapona, na mayai yake hayana wasiwasi kabisa. Unazaana haraka kuliko hao askari, na sasa hauna wa kuuzuia. Mkulima anaona shamba linazidi kuugua, anaongeza dawa, na dawa inazidi kuwaua walinzi wake. Kwenye nyanya naliona jambo hili kila mwaka, nawakataza mpaka sauti inakauka."

"Na kwenye muhogo?"

Elikana akasema taratibu, "Kwenye muhogo sijaliona. Hakuna mtu anayepuliza muhogo. Muhogo hukua wenyewe. Nani atapoteza dawa yake kwenye muhogo?"

"Na kwenye vilele tu," akasema Yasmini. "Na kwenye safu za njiani tu. Mahali watu wanapochuma mboga."

Mama Yunisi alikuwa ameacha kupalilia na kuwakodolea macho. Yasmini akavaa glavu, akakata vilele vya safu ya tatu na ya nne, akavitia kwenye bahasha za kaki, akazifunga kwa lakiri, na Elikana na Mama Yunisi wakatia saini kama mashahidi. Maabara itajibu itakapojibu. Jalada lilikuwa linaondoka kesho.

*

Armelle alikuwa ameketi sakafuni, mtoto kifuani. Alipomwona Inspekta alijaribu kusimama.

"Mwiriwe, Armelle. Kaa tu." Hilo ndilo neno pekee la Kirundi alilokuwa nalo Yasmini, na alilitumia kwa uangalifu. "Mtoto amenyonya?"

"Ananyonya, mama. Ila maziwa yanapungua."

Yasmini akaketi sakafuni naye. "Sombe uliichuma kwa Mzee Gervasi."

Msichana akageuza uso ukutani.

"Uliniambia sokoni, sokoni wamekukana. Muhogo ulio karibu na kwenu ni wa Mzee Gervasi na wa Mama Yunisi. Ungechuma kwa Mama Yunisi usingekuwa na sababu ya kunificha. Sikukasirikii. Nataka nisikie kwako."

"Kwenye kago," akasema Armelle kwa sauti ndogo. "Nikisema nimechuma kwenye kago, nimejiita mwizi. Mwizi, halafu Mrundi. Nani hapo atanisikiliza, mama?"

"Mimi."

Armelle akamtazama muda. Kisha akasema yote, na machozi yakamtoka bila sauti. Mabukwe mwenyewe, yaani mama mkwe, ndiye aliyemtuma. Alikuwa mtu wa utani, ameokoka, na vile vitambaa vilimchekesha. Alisema, nenda kachume kwa Gervasi, sombe yake ni laini, na matambara hayaumi mtu. Armelle akaenda kwa hofu. Safu za mwanzo zilikuwa zimekauka, akaingia ndani kidogo, safu ya tatu au ya nne, ambako majani bado yalikuwa mazuri.

"Zilikuwa na harufu," akasema. "Kama dawa. Nikafikiri kago ndivyo linavyonuka. Kwetu sisi hatuna kago la namna ile, sikujua. Nikaziosha mara mbili."

"Kwa nini wewe hukula?"

"Mkwe anakula kwanza, mimi nakula jikoni baadaye. Sikufika hata kwenye kukwangua chungu." Akamfunika mtoto kichwa. "Anatoli anasema sikula kwa sababu nilijua. Ni ukuri, kweli kabisa, mama, ningejua ningekula mimi."

Yasmini alitoka nje, akasimama kwenye jua akapumua. Alikuwa na hasira, na hasira haikusaidii kesini, kwa hiyo aliingoja ipungue. Kisha akampigia Afande Bonifasi.

"Nipe mpaka kesho mchana, afande. Nina shahidi mpya."

"Nani?"

"Wadudu."

"Yasmini, mimi nina presha."

"Kesho mchana tu, afande. Nikikosa, jalada lichukue."

*

Asubuhi alimkuta Mzee Gervasi shambani, akizunguka miti yake kama mtu anayezunguka mgonjwa. Yasmini alikuwa amefuatana na konstebo na Elikana, lakini mwenyewe hakuvaa sare. Alijifunga kanga. Alisalimia, akavuka mpaka wenye vitambaa vyekundu, akaenda moja kwa moja safu ya tatu, akaanza kuchuma.

"Afande! Unafanya nini?"

"Nachuma ya chungu kimoja, mzee. Au desturi imekufa?"

"Kuna kago hapo."

"Kago ni la mwizi. Mimi nakuomba mbele ya watu. Unaninyima mboga?"

Mtu wa Mwandiga hawezi kumnyima mgeni mboga mbele ya watu. Mzee Gervasi alimtazama Elikana, akamtazama konstebo.

"Nimekupa," akasema. "Lakini..."

"Nashukuru sana. Wanangu huko Katubuka sombe wanaipenda kuliko nyama." Mikono ilikuwa inafanya kazi, vilele vinakatika tap, tap, upindo unajaa. "Nitaitia karanga. Na mawese mapya."

"Afande, za hapo usichume. Chuma kule nyuma. Kule ndiyo nzuri."

"Hizi zina ubaya gani? Laini kabisa."

"Chuma za kule nyuma, nakwambia."

"Nimeshamaliza, mzee. Zinatosha." Akaukunja upindo wa kanga, akaanza kuondoka.

Mzee akamfuata hatua kadhaa. Alikuwa amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili. "Hao wanao," akauliza, "wana umri gani?"

"Mdogo ana miaka minne."

Akaketi juu ya tuta la muhogo, pale pale kwenye udongo. "Zimwage," akasema. "Zimwage, mwanangu, tafadhali. Nawa mikono."

Yasmini akazimwaga. Elikana alikuwa tayari na maji na sabuni, na uso wake ulionyesha hakupenda mchezo ule tangu mwanzo. Yasmini akanawa mpaka viwiko, akaja akaketi juu ya tuta upande wa pili.

"Sema, mzee. Una haki ya kunyamaza, na utakachosema kitaandikwa."

"Kago halikukamata mtu," akasema Mzee Gervasi. "Juma zima, wanachuma, wanacheka. Wakaning'olea hata kitambaa kimoja. Basi nikalisaidia."

"Ulilisaidia na nini?"

"Dawa. Ya kule kwenye nyanya. Nilitia kali, kwenye vilele, alfajiri. Nilitaka matumbo yawasumbue, waogope. Na wakaogopa. Halafu shamba likaanza kukauka, nikadhani dawa ni kidogo, nikaongeza, nikaingia ndani zaidi. Likazidi kukauka. Nikasema basi kuna mtu ananiroga kweli."

"Hakuna aliyekuroga, mzee," akasema Elikana. Alimweleza kwa upole, kwa maneno machache, habari za askari wanaolala kileleni, na nani aliyewaua. Mzee alisikiliza macho yakiwa kwenye muhogo wake. Hakubisha.

"Bibi Melania," akasema Yasmini.

"Tulibatizwa siku moja mimi na Melania. Jeneza lake nililibeba mimi. Bega hili."

"Ulipolibeba ulijua?"

Mzee akaizungusha kofia mikononi.

"Nilijua amekula sombe," akasema. "Sikuuliza ya wapi. Kila mtu alisema ni yule msichana. Mke wangu nilimkataza kuchuma huku, hakuuliza naye. Nilikuwa nikilala, nasema ni yule msichana, ni yule msichana. Usingizi ulikuja."

"Ana mtoto wa miezi saba humo ndani," akasema Yasmini, na sauti ilimtoka vibaya kuliko alivyotaka. "Ukaja ukataka nimwongezee na shamba!"

Mzee Gervasi aliinamisha kichwa akalia, mzee mzima, na konstebo akageukia pembeni. Bomba la kupulizia walilikuta ghalani kwake, chupa kando yake, na Yasmini alivifunga vyote kwa lakiri kama alivyofunga vilele. Konstebo aliposhika vitambaa kuving'oa, mzee alisema mwenyewe, ng'oa tu, havina kitu.

*

Afande Bonifasi alisikiliza kwenye simu mpaka mwisho, akaguna, akasema amwachie msichana. Kwa Bonifasi hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Yasmini alifungua mlango wa mahabusu mwenyewe. "Armelle, twende nyumbani. Yamekwisha."

Msichana alielezwa yote, akafunika uso kwa kanga, akamshukuru Imana, yaani Mungu. Lakini hakusimama.

"Mbona hunyanyuki?"

"Umeniondolea kesi, mama. Mungu akubariki. Ila mimi kazi yangu ni kupika. Nani sasa atakula kilichotoka mkononi mwangu?"

Sheria haina kifungu cha jambo hilo. Akambeba mtoto mgongoni mwake, na wakaenda kwa miguu, Inspekta wa Polisi na mshtakiwa wake wa jana, watu wakitoka milangoni kuwatazama.

Nyumbani matanga hayakuwa yameanuliwa. Wanaume walikuwa kwenye mikeka uani, Anatoli katikati yao. Bariki alisimama, akampokea mtoto, akamkumbatia na mkewe mbele ya watu bila haya. Yasmini aliwaeleza waliokaa neno kwa neno, dawa, vilele, kago, nani na kwa nini. Wakatikisa vichwa. Wengine walisema pole, shemeji. Pole yenyewe ilitoka kwa mbali, na hakuna aliyesogea kumpisha.

"Anatoli," akasema Yasmini, "mimi nina njaa. Tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni. Kwenu mgeni haandaliwi?"

Shangazi mmoja akainuka haraka. "Ngoja nikupikie mimi, afande."

"Hapana, mama, pumzika. Mwenye jiko amerudi."

Armelle aliingia jikoni. Uani watu walikaa wakisikiliza kuni zikivunjwa, maji yakimiminwa, mwiko ukigonga sufuria. Akatoka na ugali na dagaa wa mawese, akatenga mkekani, akaleta maji ya kunawa, akapiga goti kando na kuinamisha macho.

Yasmini akanawa, akasema bismillahi, akala. Tonge la kwanza, la pili, la tatu. Bariki akaja akaketi, akala naye. Wengine wote walitazama sinia kana kwamba lina nyoka. Anatoli alikuwa anasaga meno, na ngozi ya shavu lake ilicheza.

Yasmini hakumkaribisha. Kuna mambo mtu hakaribishwi.

Mwisho Anatoli akasogea kwa magoti. Akanyoosha mikono, na Armelle akammiminia maji, na mengi yakamwagikia mkekani. Akakata tonge, akachovya, akaokota dagaa wawili, akatia mdomoni. Akatafuna. Akatafuna muda mrefu, ua mzima ukimwangalia koo. Akameza.

"Shemeji," akasema, "umesahau chumvi."

Armelle alikimbia jikoni kuileta.